Mwenye Merikebu Si Mwenye Mlango

Abiria wa Reli ya Kati apitaye Tura usiku, hali amejifunika shuka na kichwa amekilaza juu ya begi lake, hana habari kwamba gari moshi limemvusha mpaka ambao katika karne ya 19 ulikuwa faraja na mashaka ya kila tajiri wa msafara. Watu waliotoka mrima na mizigo ya merikani, kaniki na ushanga, wakaikata nyika ya Mgunda Mkali kwa terekeza, ndio mwendo wa kuondoka alasiri na kulala pasipo maji ili kuyawahi maji ya kesho, walipoyaona mashamba ya Tura walijua kwamba wameingia Unyamwezi, na roho zao zikatulia. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyepita hapa mwaka 1857 pamoja na mwenzake Speke, aliandika kwamba jina la mahali hapa lina maana ya "tua", yaani weka mzigo chini, kwa kuwa msafiri, atoke mashariki au atoke magharibi, hakosi kucheleweshwa siku kadhaa katika kijiji hiki cha mpakani. Mimi ni mzaliwa wa wilaya hii ya Uyui, na kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuwaandalia watu hati za safari. Wala sijapata kusikia ufafanuzi wa viza ulio mfupi na wa kweli kuliko jina hilo.

Alinijia mzee mmoja, stesheni masta mstaafu, Ijumaa moja baada ya sala ya adhuhuri, akiwa na bahasha ya kaki iliyokunjwa kwa unadhifu wa mtu aliyetunza karatasi za serikali maisha yake yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja unisomee kitabu hiki, maana mimi nimekisoma mara tatu na kosa sikuliona."

Kitabu chenyewe kilikuwa pasipoti yake. Mwanawe, ambaye anafanya kazi Hamburg, alitaka kuwafurahisha wazazi wake kwa kutimiza miaka 40 ya ndoa yao, akawaita Ujerumani kwa wiki tatu, na ndani ya wiki hizo akawakatia nafasi katika meli ya kitalii ya kuzunguka Bahari ya Kati kwa usiku saba: kupanda Barcelona, kupitia Marseille, Genoa na Palermo, kuvuka hadi La Goulette ambayo ni bandari ya Tunis, kisha kurejea Barcelona. Nauli ililipwa yote, viza ikaombwa ubalozini Dar es Salaam, ikatoka. Wazee wakaruka, wakaonana na wajukuu, wakashuka Barcelona na nguo mpya masandukuni. Na pale gatini karani wa meli akaifungua pasipoti, akaitazama kwa muda mfupi kuliko muda anaoutumia mtu kunywa kikombe cha kahawa, akawaambia kwamba hawawezi kupanda. Mwana alipanda? La, mwana naye alibaki na wazazi wake, na fedha zikaenda na maji.

Kosa lilikuwa tarakimu mbili. Katika kibandiko cha viza ya Schengen, ndiyo viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, kuna mahali panapoonyesha idadi ya kuingia, na hapo huandikwa 01, au 02, au MULT. Ya mzee huyu ilisema 01, naye, kwa mazoea ya kusoma nambari za mabehewa, alidhani ni nambari ya abiria wa kwanza katika familia. Meli ilipotoka Palermo kuelekea Tunis ingekuwa imetoka katika himaya ya Schengen, na ile ruhusa moja ya kuingia, iliyokwisha kutumika siku waliposhuka kiwanja cha ndege cha Ujerumani, ingekuwa imekufa. Nayo meli ingewarudisha Barcelona watu wawili wasio na idhini ya kukanyaga gati ile. Na Tunisia yenyewe ni dola nyingine yenye mlango wake na masharti yake, ambayo katika mashauri yote ya familia hiyo hayakupata kutajwa hata mara moja.

Sasa, huyu mwana hakuwa mjinga wala mzembe, na ndiyo sababu kisa chake kinafaa kuchambuliwa. Yeye ana kibali cha ukaazi cha Ujerumani, na mwenye kibali hicho hutoka Schengen na kurudi bila kuhesabiwa. Alikwisha kusafiri safari kama hiyo pamoja na wenzake, hakuulizwa neno. Akaupima mlango kwa kimo chake mwenyewe. Wala si yeye peke yake: ndugu zetu walio Marekani na waliokwisha kuchukua uraia wa kule hutusimulia jinsi walivyopanda meli Florida, wakazunguka visiwa vya Karibiani na kurudi bandari ile ile, bila hata kuombwa pasipoti, na wanasema kweli, kwa kuwa sheria ya Marekani huwaruhusu raia wake katika mzunguko wa namna hiyo kujitambulisha kwa cheti kinachothibitisha uraia wao pamoja na kitambulisho. Lakini upole huo ni wa raia. Mtanzania atakayepanda meli hiyo hiyo anahitaji viza ya Marekani ambayo ombi lake hugharimu dola 185, arudishiwe jibu jema au baya. Na mwaka 2025 Marekani ilianza kudai dhamana ya kati ya dola 5,000 na 15,000 kutoka kwa baadhi ya waombaji wa nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo. Basi ushauri wa ndugu una mapenzi mengi, ila aghalabu huwa umeandikwa juu ya pasipoti nyingine.

Kwamba idhini ya mmoja haifungui mlango wa mwingine, wazee wetu wa misafara walilijua jambo hili kwa njia ya gharama. Burton aliondoka Unguja akiwa na askari wa Kibaluchi wa Sayyid, mtawala wa Unguja, na barua ya Sayyid ya kumtambulisha kwa wafanyabiashara wa Unyanyembe. Na barua ile ilifanya kazi yake barabara, kwa maana alipofika Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, alipokewa na mfanyabiashara Mwarabu, Snay bin Amir, kwa ukarimu ambao aliusifu katika maandishi yake. Lakini kati ya pwani na Kazeh ilikuwapo Ugogo, na katika Ugogo barua ya Unguja ilikuwa karatasi tu. Pale kila mtemi alikuwa na hongo yake, nayo ililipwa kwa doti, na doti ni mikono minane ya kitambaa. Kulipa kwa mtemi wa leo hakukumpunguzia mtu chochote kwa mtemi wa kesho, na mashauriano yangeweza kuufunga msafara siku tatu au nne huku akiba ya chakula ikipungua. (Neno hongo siku hizi limeshuka cheo, likawa jina la kitu kinachopitishwa chini ya meza, lakini hongo ya zamani ilitolewa mchana, mbele ya mashahidi, na ilikuwa ada ya halali ya mwenye nchi na mwenye visima. Naona neno limeonewa.) Jambo la kuzingatia ni kwamba kirangozi aliyetangulia mbele ya msafara, aliyejua kila mti na kila dimbwi, hakuwa mdhamini wa hongo. Yeye aliajiriwa kuonyesha njia. Wapagazi nao waliajiriwa kuchukua mizigo. Mlango ulikuwa juu ya mwenye mali.

Ndivyo ulivyo mkataba wa meli ya kitalii, kwa maandishi madogo ambayo watu huyaruka ili wafike mahali pa kutia saini. Ndani yake imeandikwa, kwa maneno yanayotofautiana kidogo tu baina ya kampuni na kampuni, kwamba kutafuta viza na hati zote ni wajibu wa abiria, na kwamba abiria atakayekataliwa kupanda kwa ajili ya upungufu wa hati hatarudishiwa nauli. Wakala aliyekuuzia tiketi anaweza kukupa neno la msaada, na wengine hutoa maneno mema sana, lakini akikosea hasara aghalabu hubaki kwako. Na yule karani wa gatini aliyemwona mzee wangu kuwa ni mkosaji hakuwa na ukatili wowote moyoni: sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2001 inaziamuru nchi wanachama kumtoza faini msafirishaji anayemleta mtu asiye na hati zinazotakiwa, ama kwa kiwango cha juu kisichopungua euro 5,000 kwa kila mtu, ama kwa kiwango cha chini kisichopungua euro 3,000. Karani anailinda kampuni yake. Serikali za Ulaya kwa ufundi huo zimemfanya mwenye merikebu kuwa bawabu asiye na mshahara, bawabu mwenye uwezo wa kukuzuia na asiye na uwezo wa kukuruhusu.

Kuna kichekesho cha historia ambacho siwezi kukipita. Mapatano ya Schengen, yaliyozaa viza hii inayowashinda abiria wa meli, yalitiwa saini ndani ya meli: tarehe 14 Juni 1985, katika Princesse Marie-Astrid, iliyotia nanga mto Moselle mbele ya kijiji cha Schengen huko Luxembourg, na wajumbe wa nchi tano wakawa ndio abiria wake wa siku ile. Leo nchi zilizomo ni 29. Uingereza haimo, na Ireland haimo, kwa hiyo safari inayoanzia Southampton, ikagusa Cork na kuishia Amsterdam, kwa macho ya mtalii ni wiki moja baharini, na kwa macho ya pasipoti ya Tanzania ni milango mitatu yenye funguo tatu.

Wasomaji wangu wa Tabora wenye jamaa Maskati, Sur na Dubai, nao ni wengi kwa sababu zinazojulikana na kila aliyesoma historia ya mji huu, huniuliza zaidi habari za Ghuba, ambako meli hizi hutembea katika miezi ya baridi: Dubai, Abu Dhabi, Doha, Maskati, na kurudi Dubai. Lugha ni moja, dini ni moja, vyakula vinafanana, na mtu huona kama kwamba anatembelea vyumba vya nyumba moja. Sivyo. Imarati, Qatar na Oman kila moja ina viza yake, na aliyetoka Dubai kwa viza ya kuingia mara moja ana suala lile lile la mzee wangu la kurudi alikotoka. Mawaziri wa nchi za Ghuba waliidhinisha mwaka 2023 mpango wa viza moja ya utalii, nami nimekwisha kuletewa gazeti na kijana mmoja aliyetaka kukata tiketi kwa nguvu ya habari hiyo. Nikamwambia kuwa afisa wa bandari hapigi muhuri juu ya gazeti.

Wala tusiwaone wengine tu. Kenya, Uganda na Rwanda zina viza moja ya kitalii tangu mwaka 2014, ambamo Tanzania haimo. Mgeni aliyeipata kwa dola 100 akashuka Mombasa kwa furaha, kisha meli ikamleta Unguja, hukuta kwamba viza ile imeishia Vanga, mpakani mwa Kenya. Na Unguja yenyewe, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, imeongeza bima ya lazima ya dola 44 kwa wageni. Nimesikia wageni wakilalamika kwa maneno yale yale aliyoyatumia mzee wangu.

Nifike katika jambo ambalo ndilo hasa nililokusudia kulieleza, nalo ni jambo la kalenda. Watu hunijia wakiwa wameshikwa na mkanganyiko: ubalozi unataka kuona safari iliyopangwa kabla ya kutoa viza, na busara inataka kuona viza kabla ya kulipia safari. Nani atangulie? Mkanganyiko huu una tundu, na tundu hilo hupatikana kwa kuhesabu siku. Kampuni za meli kwa kawaida hupokea arbuni ya kuweka nafasi, na salio hulidai karibu siku 90 kabla ya kuondoka. Baada ya siku hiyo, kuvunja safari ni hasara inayozidi kila wiki. Ubalozi wa nchi ya Schengen kwa upande wake hupokea ombi kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na hutakiwa kujibu kwa siku 15, ambazo huweza kurefushwa hadi 45. Basi kati ya mwezi wa sita na mwezi wa tatu kabla ya safari kuna uwanja wa siku 90 hivi, ambamo mtu mwenye arbuni mkononi anaweza kuomba viza, kujibiwa, na hata kukataliwa na kuomba tena, kabla salio halijadaiwa. Uwanja huo ndio Tura ya msafiri wa leo. Atue hapo mzigo wake, asiupite kwa haraka, hata meli ikitangaza punguzo la bei litakaloisha usiku wa manane, maana punguzo la namna hiyo halijapata kumlipia mtu viza.

Lakini aulize kabla ya arbuni pia, na aulize kama alivyouliza mtu wa msafara, bandari kwa bandari na si safari kwa jumla. Kila bandari ni ya nani? Kabla yake tumetoka kwa nani, na baada yake tunarudi kwa nani? Hata abiria asiyetaka kushuka asijione salama, kwa kuwa kampuni nyingi hudai viza ya kila nchi ambamo meli itafunga gati, ashuke au abaki chumbani mwake. Ndege inayompeleka bandarini inapita wapi? Kuna viwanja, vya Uingereza vikiwa miongoni mwao, vinavyomtaka Mtanzania awe na viza hata kwa kubadilisha ndege tu. Pasipoti itabaki na uhai gani? Kwa Schengen lazima ipindukie miezi 3 baada ya siku ya kutoka, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10. Ombi linapelekwa kwa nani? Kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile atakayoingia kwanza. Katika meli inayofika kila siku bandari nyingine, hesabu hii hutaka karatasi na kalamu. Bima iwe ya euro 30,000 au zaidi. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Haya yote yamo katika maandishi ya mwenye mlango mwenyewe, yaani ubalozi na idara ya uhamiaji ya nchi husika, na hapo ndipo pa kuyasoma, tena yasomwe upya mwezi wa mwisho.

Nasema yasomwe upya kwa sababu njia huhama. Henry Morton Stanley alifika Unyanyembe mwezi Juni 1871 akiwa amekwisha kulipa hongo zote za Ugogo na akidhani kwamba Ujiji imekaribia. Akamkuta mtemi Mirambo ameifunga njia. Alijaribu kuifungua kwa vita pamoja na Waarabu, wakashindwa, na sehemu ya Tabora ikachomwa moto. Ndipo mwezi Septemba akazunguka kusini kwa njia ya Ukonongo, akatokea Uha, ambako alidaiwa hongo asizozitarajia, moja baada ya nyingine, hata kitambaa kikaanza kumtisha kwa kupungua, akakodi mtu wa kumpitisha usiku kwa kunyata mpaka nje ya nchi ile. Miaka 152 baadaye, mwishoni mwa 2023, mashambulizi juu ya meli katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha kampuni kubadili njia, na meli za kitalii zilizokuwa zipite Suez zikazungushwa kwa Rasi ya Tumaini Jema; abiria aliyeandaa hati kwa ajili ya Misri na Jordan akaambiwa kwamba bandari zake sasa ni nyingine. Tofauti ni kwamba Stanley alikuwa na giza la Uha. Mpaka wa Schengen tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza kuandika alama za vidole na sura za wageni waingiao na watokao katika mashine, na mashine haisinzii.

Mzee wangu alinisikiliza yote haya bila kunikatiza. Kisha akasimulia jambo ambalo lilinifundisha mimi: kwamba babu yake alikuwapo Tura wakati wa Wajerumani, reli ilipokuwa mpya, akayaona makasha yakipita kuelekea Kigoma, na ndani ya makasha hayo ilikuwamo meli nzima, Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikavunjwa vipande vipande ili iungwe tena ziwani, ndiyo Liemba yetu, ambayo kwa miaka mingi ilichukua watu hadi Mpulungu, Zambia, nchi ambayo Mtanzania huingia bila viza.

"Basi hiyo ndiyo meli ya saizi yangu," akasema, akacheka. Lakini mkewe, ambaye alikuwa ameketi kimya barazani muda wote huo, akasema kwamba yeye Palermo anaitaka bado.

Tukakaa chini kuijaza fomu upya. Tulipofika penye swali la idadi ya kuingia, ambapo mara ya kwanza rafiki wa mwana alitia alama penye "mara moja" kwa kuwa safari ilikuwa moja, mzee alinyosha mkono akaichukua kalamu kwangu, akavaa miwani, na kwa mwandiko ule wa stesheni ambao haupo tena siku hizi akatia alama yake mwenyewe penye "mara nyingi". Gari la kwenda Dar es Salaam lingepita Tura usiku wa Jumanne. Arbuni ilikuwa haijalipwa.